Kijakazi wa Nyuma ya Nguzo

Wapo watakaokwambia jini huingia kwa kishindo, milango ikipigana na mbwa wakilia. Uongo mtupu. Huyu ninayekupa habari zake aliingia kwa adabu zake zote, kabeba sinia, kajibanza nyuma ya wenzake, na aliyemfungulia ni mwanamke aliyekuwa akifanya kazi yake vizuri kupita kiasi.

Kazini walimwita Malkia. Kazi yenyewe ilikuwa kuingiza sauti za Kiswahili kwenye tamthilia za Kichina, zile za kale za majumba ya wafalme, zilizotokana na riwaya nene kama matofali. Yeye ndiye alikuwa sauti ya kila mama wa mfalme mwenye roho mbaya, hata muuza nyanya wa mtaani kwao akimwona huinama na kusema, "Nihurumie, Malkia, usinikate kichwa." Naye humjibu kwa sauti ile nzito, "Basi pima vizuri," na watu wanacheka. Sauti hiyo ndiyo iliyomlisha yeye, mama yake mzazi, na binti yake mdogo ambaye kwa usemaji wake walimpa jina la Chiriku. Kila jioni akifika langoni huita, "Chiriku wangu!" na juu ghorofani mtoto huitika, "Nipo!" kisha anateremka ngazi mbio, akimrukia kabla hajatua mkoba.

Chumba cha kurekodia hakikuwa na dirisha. Mara nyingi walikuwa wawili tu: Malkia mbele ya maikrofoni, na Mkalimani, mwanamume wa makamo mpenda utani, aliyefasiri maneno na kukaa kwenye mitambo pia. Walikuwa na sheria moja: mdomo ukicheza, usiuache bubu. Hata mpita njia wa nyuma kabisa akionekana anasema kitu, apewe neno, lolote, ilimradi lilingane na midomo yake. Watazamaji hawana huruma. Wakiona mtu anatafuna hewa hupiga simu kulalamika.

Mchana mmoja walikuwa wanaanza tamthilia mpya. Mama wa mfalme kwenye kioo, kama kawaida ya mabibi wa majumba yale, hakumwita mtumishi kwa jina. Alipiga makofi matatu, vijakazi wakaingia na masinia, wakainama. Mmoja alibaki nyuma ya nguzo, na mdomo wake ulikuwa unacheza.

"Kuna mmoja hapa hana maneno kwenye karatasi," Malkia akasema.

"Mpachike chochote," Mkalimani akajibu huku anatafuna karanga, macho kwenye mistari ya sauti. "Mwambie anadai likizo."

Malkia akacheka, akamkazia macho yule binti, na kabla hajafikiria la kusema maneno yakamtoka yenyewe, laini, yakifuata midomo ile bila kupishana: "Niazime. Nimekaa kimya muda mrefu."

"Aisee, safi! Imekaa!" Mkalimani alipiga meza kwa furaha.

Malkia hakufurahi. Chumba kilikuwa kimeanza kunuka maji yaliyolala, kama ndoo iliyosahauliwa nje, na kooni alihisi baridi. Akanywa chai, akaendelea na kazi.

Tangu hapo, kila sehemu mpya waliyoifungua, yule binti alikuwa amesogea. Alitoka kwenye nguzo akaja kwenye pazia, akatoka kwenye pazia akaja kusimama ubavuni mwa kiti cha bibi yake, nywele zikimdondoka maji juu ya zulia wala hakuna aliyemwona. Mdomo haukutulia. Na Malkia, mtu wa kazi, hakumwacha bubu. Akampa neno leo, akampa sentensi kesho. Sauti yake mwenyewe ikaanza kukwaruza, akitaka kuita langoni hutoka nusu tu, na Chiriku juu huuliza, "Ni mama au siye?"

"Mafua hayo," bibi yake mtoto alisema. "Kunywa tangawizi."

Hata ikafika siku Mkalimani akainua macho kwenye mistari yake na kutazama picha. Akasimamisha mtambo.

"Dada, huyu unayemsemea yuko wapi?"

"Si huyo hapo, kulia kwa kiti."

Mkalimani alitazama sana. Karanga akaziweka chini. "Kulia kwa kiti kuna pazia tu, dada."

Harufu ya maji ikapanda, ukuta ukawa kama unatoka jasho. Mkalimani akasogea karibu, akanong'ona, maana hata yeye sasa hakutaka kusikika. "Kitabuni yupo. Riwaya yenyewe nimeisoma. Kuna kijakazi aliyejua siri ya bibi yake, akakatwa ulimi, akatupwa kisimani. Waliotengeneza tamthilia wakamtoa. Kila mtu wa kitabu yumo humu isipokuwa yeye."

"Usinitanie leo."

"Wallahi sitanii. Nenda nyumbani. Usiseme tena neno humu ndani."

Malkia alirudi kwa miguu, khanga kaizungusha shingoni. Alipofika langoni jua lilikuwa bado halijazama na watoto wa jirani walikuwa wanaruka kamba. Akafumbua mdomo kumwita mwanawe. Haikutoka hata pumzi yenye sauti.

Lakini juu, kwenye dirisha lao, ikasikika: "Chiriku wangu!"

Ilikuwa sauti yake. Mtoto akaitika, "Nipo!" na miguu ikakimbia, ila haikuelekea kwenye ngazi, ilikwenda ndani, na Malkia akapanda ngazi zile mbili mbili, kiatu kimoja kikimchomoka, huku anaisikia sauti yake mwenyewe ikibembeleza njoo mwanangu, njoo karibu, usiogope baridi, kwa upole uleule anaombembeleza nao mtoto akiwa na homa, na akataka kupiga kelele mtoto asiitike, asiitike jamani, na koo likabaki tupu, mpaka akausukuma mlango kwa bega na kumkuta Chiriku ameegemeza paji la uso kwenye kioo cha televisheni, nywele zimelowa, ananong'ona "Nipo, mama, nipo," na upande wa ndani wa kioo, paji la uso limegusana na lake, yule kijakazi.

Akamnyakua mtoto. Bibi, aliyekuwa kitini pake anatazama tamthilia yake ya jioni, akageuka kwa mshangao. "Kulikoni tena? Si wewe mwenyewe umemwita?"

Asubuhi wakamleta mpunga pepo, mwanamke mkavu asiye na maneno mengi, ambaye siku nyingine hushona sare za shule. Aliinusa televisheni, akampapasa Malkia koo, akakaa chini.

"Jini hana sura yake," akasema taratibu. "Huvaa iliyoachwa. Huyu kakuta binti wa hadithi katupwa na wenye hadithi, kamvaa. Kilichompungukia ni sauti. Ukampa."

"Nirudishiwe," Malkia akajikamua, sauti kama karatasi inayochanika.

"Hukuibiwa, mwanangu, uligawa. Unachoweza ni kumfungia mlango. Ukakae naye uso kwa uso, aseme atakayo, na wewe usimsemee. Akikosa ataondoka. Ila ataondoka na alichokwisha kupata."

"Yote?"

"Yote. Usipofanya hivyo, sauti sasa anayo. Anatafuta wa kumwitikia."

Malkia alimtazama mwanawe aliyelala mapajani pa bibi yake, bado anatetemeka. Aliijua thamani ya sauti ile. Hakuwa na kazi nyingine wala urithi mwingine. Ilimuuma, na hakuficha, alilia hapohapo mbele ya mgeni. "Basi achukue," akasema. Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake ya mwisho.

Siku hiyohiyo aliingia chumba cha kurekodia, khanga kaifunga mdomoni fundo gumu. Mkalimani aliwasha picha. Kioo chote kilikuwa uso wa yule binti. Mdomo ukafumbuka, ukacheza, ukangoja, na Malkia akaona maneno yanampanda kooni kama matapishi, akayameza, yakapanda tena, na binti akabadilisha midomo ikawa ya Mkalimani anayeomba, ikawa ya mama yake mzazi anayekemea, ikawa midomo midogo ya Chiriku isiyo na meno mawili ya mbele inayosema mama, mama, mbona huniitikii, na Malkia akauma kitambaa mpaka damu ikamjaa mdomoni, maji yakimfika vifundoni kwenye chumba kisicho na bomba, wala hakutoa hata mguno. Kisha mdomo ule ukafungwa. Ikabaki nguzo, pazia na kiti.

Mtoto akapona. Televisheni ikang'olewa waya na kugeuzwa uso ukutani. Malkia akatafutiwa nafasi ya kushona kwa yule mpunga pepo, na muuza nyanya akaacha utani, akawa anamwongezea nyanya mbili bila kusema kitu. Kwa kuwa hakuweza tena kuita, alijitungia njia: akifika langoni hupiga makofi matatu, na juu mtoto huitika, "Nipo!" na kuteremka mbio kama zamani. Chiriku aliupenda mchezo huo kuliko wa kwanza. Nyumba ikaanza kucheka tena.

Jioni moja Malkia alikuwa jikoni anaosha vyombo, mikono imezama kwenye povu. Bibi alikuwa amekwenda dukani. Chiriku alikuwa barazani anaimbia mdoli wake. Harufu ya maji yaliyolala ikapita mlangoni, na Malkia akadhani ni sinki.

Sebuleni, kutoka kwenye televisheni iliyogeuzwa ukutani, yakasikika makofi matatu.

Ndipo akakumbuka. Miaka yote ile ya majumba ya wafalme aliyoyasemea mwenyewe, na hakuwa amekumbuka kwamba kijakazi huitwa kwa makofi matatu, yaleyale aliyoyapiga kila jioni langoni.

"Nipo!" Chiriku akaitika, na miguu yake ikakimbilia sebuleni.

Mama yake akafumbua mdomo kumzuia.