Mwenye Mti Amelala

Gogota iliukumbatia mninga kwa mikono yake minne ya chuma, ikaukata, ikauchambua matawi na kutema mbao zilizonyooka kabla vumbi halijatua. Mashine hiyo ndiyo fahari ya Sera ya Misitu Shindani. Mbao zetu zilikuwa zikipigwa bao sokoni na za nje, wakubwa wakalalamika, na Mhandisi Tulinave akapewa kazi ya kufuta urasimu. Akaufuta kweli. Siku hizi haji bwana misitu wala haukai mkutano wa kijiji. Gogota yenyewe hubisha hodi, huuliza kama mwenye mti yupo, na mwenye mti asipopinga, msumeno unaanza. Upuuzi mtupu, lakini nchi nzima ilipiga makofi.

Sasa ilikuwa imefika Lugoda, nyumbani kwao Tulinave. Huko kila kaburi hupandiwa mti, na aliyezikwa chini yake ndiye huitwa mwenye mti. Gogota iliuliza nyumba kwa nyumba. Watu wenye adabu zao wakajibu kwamba mwenye mti yupo, amelala. Ikasubiri waliolala waamke. Muda wa kisheria ulipokwisha, ikakata.

Tulinave alifika mbio akakuta makaburini umebaki mti mmoja tu, wa baba yake. Mama yake, Bi Semgovano, alikuwa ameuegemea. Tulinave akaiamuru mashine isimame. Ikamjibu kwa heshima zote kwamba mhandisi haruhusiwi kupinga. Ndivyo alivyoiandikia yeye mwenyewe, eti wakubwa wasiingilie kazi. Akasema yeye ni mtoto wa mwenye mti. Ikasema sheria haimtambui mtoto.

“Mama, iambie ni wako,” alimsihi.

“Unajua kwetu neno hilo lina maana gani.”

Alijua. Lugoda mtu hai hajiiti mwenye mti. Anayetamka hivyo amejizika: ndugu humkalia matanga angali anapumua, na hakuna anayekula naye tena wala kumshika mkono.

Msumeno ukanguruma, ukagusa gome.

Bi Semgovano alijifunga khanga vizuri, akaikabili mashine.

“Mwenye mti ni mimi.”

Gogota ikazima msumeno, ikamshukuru kwa ushirikiano wake, ikaenda zake kijiji cha pili. Tulinave alimkimbilia mama yake amkumbatie. Mama akarudi nyuma.

“Usiniguse, mwanangu. Nenda kawaite ndugu zako, muanze kulia.”