Cherehani cha Kwenye Simu

Siku ya gulio pale Benaco mtu hatembei, husukumwa. Malori ya kwenda mpakani Rusumo yalikuwa yamejipanga barabarani, moshi wa mishikaki unawasha macho, na Ineza alikuwa anampima mama mmoja mabega, ndipo ndama dume alipoingia kibandani bila hodi na kuanza kutafuna kitenge.

"Huyu ni wa nani?" Ineza alifoka. "Mwenye mali aje amtoe!"

Kijana mrefu alitokea mbio, kofia mkononi, shati jeupe limejaa vumbi jekundu.

"Samahani, dada. Ndama wangu ana macho. Ameona kibanda kizuri kuliko vyote."

"Na mwenye ndama ana mdomo. Kitenge utalipa."

"Nalipa. Naitwa Shibuda, mchuuzi wa ng'ombe, kwetu Biharamulo. Na wewe?"

"Lipa kwanza."

Alilipa. Gulio lililofuata alirudi bila ndama, eti amekuja kujulia hali vitenge. Ineza alicheka mpaka akakosea kukata kola. Kufikia msimu wa maharage simu zao zilikuwa hazipoi.

"Umekula, kipenzi?"

"Nimekula. Wewe je, au unalala na harufu ya ng'ombe tu?"

"Nalala na jina lako."

"Muongo wewe!" Lakini alikuwa anatabasamu peke yake kama kichaa.

Kilichomnyima raha Ineza ni kimoja. Cherehani alichoshonea kilikuwa cha kukodi kwa mama Speciosa, na Speciosa alikuwa anahamia Mwanza nacho. Bila cherehani hapakuwa na kibanda, na bila kibanda angerudi kulima kijijini Ntobeye. Akiba yake yote, jasho la mavuno mawili, ilikuwa ndani ya kibubu, ila vya dukani havikushikika kwa bei.

Ndipo lilipotokea tangazo kwenye kundi la simu la kuuza na kununua. Cherehani cheusi kinang'aa, nusu ya bei ya dukani. Chini yake maneno: *Mimi ni mama mkimbizi kutoka Burundi, nipo Ngara. Nauza haraka watoto wale. Tuma pesa, nakipakia kwenye basi.*

Ineza alisoma machozi yakimlengalenga. Mwaka ule Warundi walikuwa wameanza tena kuvuka mpaka. Mama yake mzazi, Akimana, alivuka hivyo hivyo zamani, akaishi kambini Lukole mpaka alipoolewa na marehemu baba yake Ineza, Mhangaza wa hapo hapo Ngara. Atamwachaje mama wa watu?

Shibuda alipoonyeshwa, alikunja uso. "Twende tukakione kwanza."

"Nimeshaomba. Anasema kambini hawaruhusu wageni."

"Basi apige picha nyingine sasa hivi, aweke kanga juu yake."

"Anasema simu yake haina kamera."

"Na hii aliipiga na nini? Ineza, mnadani hata ng'ombe wa baba yangu namtembeza kabla sijamnunua. Utauziwa mbuzi kwenye gunia. Hawa wakimbizi huwajui."

Hapo ndipo alipoharibu.

"Hawa nani?" Ineza alisimama. Gauni lake la njano lilitikisika kwa hasira. "Mama yangu ni *hawa*. Ukinishika mkono unamshika mkimbizi. Ulikuwa hujui?"

"Mpenzi, sikumaanisha..."

"Nenda kwa ng'ombe zako."

Shibuda alivaa kofia akaondoka. Ineza alilia, tena kwa sauti, kisha akanawa uso. Siku mbili baadaye alibeba akiba yake na kwenda kwa wakala wa pesa.

Alikuwa kwenye foleni ujumbe ulipoingia: *Wateja wengine wawili wanakitaka. Tuma ndani ya saa moja. Usipige, ninanyonyesha.* Ineza alimhurumia zaidi. Mzazi anayenyonyesha, ugenini, hana hata wa kumpa pole kwa lugha yake! Akatoka kwenye foleni, akapiga.

Simu ilipokelewa na mwanamume. Akasema subiri. Ikaja sauti ya mwanamke.

"Amahoro, muvyeyi," Ineza alimsalimu mzazi yule kwa upole, kisha akaendelea kwa Kirundi kama alivyofundishwa na mama yake, akimuuliza ametoka kilima gani, maana Burundi kilima ndicho kijiji. Mrundi hata ukimwamsha usingizini atakutajia kilima chake kabla ya jina la baba yake.

Upande wa pili watu wawili wakanong'onezana.

"Dada, ongea Kiswahili, mtandao unakata."

"Nakuuliza kwenu ni kilima gani, mama."

"Kilima? Mimi niko hapa Ngara mjini, hakuna vilima. Umeshatuma pesa?"

Hakuna vilima Ngara, mji uliokaa juu ya vilima! Ineza alikata simu. Akakaa kwenye ngazi ya wakala. Kilichomuuma hata hakikuwa pesa. Watu wale walikuwa wamechukua shida ya mama yake wakaifanya chambo. Akaandika kwenye kundi yote yaliyotokea na namba ya tapeli, ili mwingine asinaswe. Halafu akapiga namba anayoijua kwa kichwa.

"Umeshatuma?" Shibuda aliuliza kabla ya salamu.

"Sijatuma. Ulikuwa sawa."

Alisikika akishusha pumzi. "Kwenye cherehani tu. Neno lile lilikuwa baya, Ineza. Tangu juzi nalisikia masikioni. Nisamehe."

"Nimekusamehe. Uko wapi?"

"Huku mbali, Mugoma. Kuna bibi anaitwa Deodata, macho yamemchoka, anauza cherehani chake. Nimekikagua, lakini mimi najua meno ya ng'ombe tu. Njoo ukae ushone mwenyewe."

Alikwenda. Alimwamkia bibi shikamoo, akavua kandambili, akakanyaga. Cherehani kilikuwa kikuukuu, rangi imebanduka, na kilishona mshono ulionyooka. Wakapatana bei na bibi. Kitambaa kilikuwa bado chini ya sindano Shibuda alipochuchumaa kando yake, kofia kifuani.

"Ineza, nataka kukuoa. Nikitanguliza ng'ombe wawili kwenu wiki hii, mama atakubali?"

Ineza alicheka huku machozi yakimtoka.

"Usitangulize hata mkia. Njoo Jumapili na wazazi wako, mkae na mama yangu, muulizane mlikotoka. Mkishaonana kwa macho, ndipo tuzungumze ng'ombe."

"Na wewe, umekubali?"

"Mimi nimekuja mpaka Mugoma," alisema, akamfuta vumbi shavuni. "Wewe ulidhani nimefuata cherehani?"