Nusu Picha ya Mama Mdogo

Kila siku akitoka shule, Merina alivua sare, akachukua bakuli la chakula nyumbani kwao Rusimbi, akateremka nalo hadi Kibirizi, kando ya ziwa. Alikuwa na miaka kumi na mitatu. Chakula kilikuwa cha mama yake mdogo, Veneranda, ambaye alishona nyavu za dagaa pale ufukweni kuanzia asubuhi mpaka jua linapopoa.

Veneranda aliketi kwenye mkeka, wavu umemfunika mapajani, sindano ya mbao ikiingia na kutoka upesi hata wavuvi wakasema huyu angeweza kushona akiwa usingizini. Mguu wake wa kulia uliishia chini ya goti. Ulibanwa kati ya mashua mbili siku ya kushusha mzigo, kidonda kikaoza, na madaktari wakaukata ili kuokoa maisha yake. Tangu hapo alitembea kwa magongo. Mguu ulipungua, lakini maneno hayakupungua hata chembe, na mvuvi aliyeleta wavu uliochanika ovyo alijua ataondoka na karipio lake.

Siku moja, alipokwisha kula, Veneranda alinawa mikono akamsogelea Merina.

"Nataka unisaidie jambo, mwanangu. Na usicheke."

"Sicheki, mama mdogo."

"Nataka kuolewa."

Merina hakucheka, ila macho yalimtoka. Veneranda akamweleza taratibu. Kule wanakotengeneza miguu ya bandia alikutana na Dada Diana wa Buzebazeba, mwanamke aliyekatwa mkono. Diana alisimamia kundi la mtandaoni la watu waliokatwa viungo ambao wanatafuta wenza. Kundi hilo halikuwa na kiingilio. Lilikuwa na masharti tu: usimtumie mtu fedha wala usimwombe, usimwelekeze mgeni unapoishi, na mkifika hatua ya kuonana, muonane mchana mbele ya ndugu.

"Na kila mtu aweke picha yake nzima, alivyo," Veneranda alimalizia, akampa Merina simu. "Picha ni hii aliyonipiga mama yako Jumapili. Niandikie na maelezo. Vidole vyangu vinajua nyuzi, lakini simu inanitoa jasho."

Merina aliitazama picha. Mama mdogo alisimama mlangoni kwa kitenge cha njano, magongo kwapani, akitabasamu. Chini ya kitenge ulionekana mguu mmoja. Merina aliona haya. Tena hakuona haya kwa ajili ya mtu wa mbali, alimwonea haya mama yake mdogo, aliyembeba mgongoni tangu akiwa mchanga. Alijiuliza nani atamtaka, na itakuwaje watoto wa shuleni wakiiona picha hiyo kwenye simu za wakubwa zao. Kisha akajidanganya kwamba anataka kumsaidia tu. Uongo mtamu kuliko wote ni ule tunaojiambia wenyewe.

Akaikata picha kiunoni. Kilichobaki ni uso mzuri, mabega na kitenge cha njano. Akaandika jina, kazi na umri, na habari ya mguu akairuka kama mtu anayeruka dimbwi. Akaituma kundini, akairudisha simu.

"Tayari?"

"Tayari, mama mdogo."

Haikuchukua muda, akaandika mtu aitwaye Feliksi, mkulima wa michikichi huko Ilagala. Alikatwa mguu baada ya ajali ya pikipiki, na picha yake ilimwonyesha wazi, suruali imekunjwa, gongo mkononi, nyuma yake mikungu ya chikichi. Aliandika kwa adabu. Aliuliza habari za kazi, akasimulia habari za shamba, akamchekesha Veneranda hadi akachoma kidole kwa sindano. Merina ndiye aliyesoma kwa sauti na kuandika majibu, na aliona jinsi mama mdogo alivyoanza kujipaka mafuta usoni kabla ya kusomewa ujumbe, kana kwamba Feliksi angemwona.

Kisha likaja swali ambalo Merina alilisoma peke yake, Veneranda akiwa anabishana na mvuvi mmoja juu ya wavu.

*Samahani dada, wewe ulikatwa wapi? Mimi ni juu ya goti. Kwenye picha yako sioni kitu.*

Angeweza kuita, "Mama mdogo, umeulizwa." Badala yake akaandika upesi: *Sipendi kuzungumzia hayo.* Akautuma, kisha akafuta swali na jibu lake kwenye simu.

"Nani huyo?" Veneranda aliuliza.

"Hakuna mtu. Ni matangazo tu."

Feliksi alinyamaza. Kesho yake akanyamaza, na siku zilizofuata pia. Veneranda aliuliza kila chakula kilipofika, kwanza kwa utani, baadaye kwa sauti ndogo. Mwisho ukaingia ujumbe wa sauti kutoka kwa Diana. Veneranda, kwa furaha yake, akaubonyeza papo hapo, mbele ya wanawake waliokuwa wakianika dagaa na wavuvi waliokuwa wakisubiri nyavu zao.

Sauti ya Diana ilikuwa kali. "Wewe unayejiita Veneranda, tumekutoa kwenye kundi. Kuna watu wana miguu yao na mikono yao, wanajifanya wamekatwa ili waingie kututapeli. Picha yako imekatwa makusudi, na ulipoulizwa ulikwepa. Veneranda wa kweli nimekutana naye, huenda umemwibia simu na picha yake. Watu wetu wameumizwa vya kutosha. Usiturudie."

Mtu mmoja akacheka, mwingine akamnyamazisha. Veneranda alitazama mahali mguu wake ulipoishia, halafu akaitazama simu.

"Mimi?" alisema. "Mimi ndiye nina miguu miwili?"

Akavuta wavu akaanza kushona, lakini sindano ilikosea tundu, ikakosea tena, na machozi yakadondoka juu ya nyuzi. Merina alikuwa hajawahi kumwona akilia, hata siku aliyorudi kutoka hospitali. Alitamani ardhi ipasuke immeze. Akachukua bakuli lake tupu akaenda zake. Naam, aliondoka akamwacha vile vile, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi baadaye.

Nyumbani hakuweza kula. Mama yake, Marsiana, alidhani ana homa. Jua halijazama, Veneranda akaingia na magongo yake, akaketi, akasema kwa sauti ya mtu aliyekwisha amua.

"Marsiana, mambo ya kuolewa nimeyaacha. Hata waliokatwa kama mimi hawanitaki."

Hapo Merina akapiga moyo konde. Akapiga magoti mbele yake.

"Mama mdogo, wanakutaka. Ni mimi. Nilikata picha. Feliksi aliuliza mguu, nikajibu hutaki kuzungumza, nikafuta."

Marsiana alinyanyuka, mkono juu, lakini Veneranda akamzuia.

"Kwa nini, Merina?"

Merina angeweza kusema alitaka kumsaidia. Maneno hayo yalikuwa mdomoni tayari. Akayameza.

"Nilikuonea haya."

Veneranda aliyalaza magongo yake sakafuni. Nje, watoto wa jirani walikuwa wakirushiana mpira wa matambara.

"Daktari aliyekata mguu wangu aliniketisha kwanza," alisema mwishowe. "Akanieleza kwa nini, akaniomba ruhusa, nikatia sahihi. Wewe ulinikata bila kuniuliza. Na mimi nilikuwa sioni haya tena, mwanangu. Ilinichukua muda mrefu kuacha. Leo umenirudishia."

Merina alilia. Hakuna aliyemwambia anyamaze.

"Sasa utafanya nini?" Marsiana alimuuliza. "Maana kulia hakutengenezi kitu."

"Nitamwambia Dada Diana. Kwa mdomo wangu."

Jumamosi, Merina na mama yake walikwenda Buzebazeba. Diana alikuwa uani akikoroga mboga kwa mkono wake mmoja. Merina alimwamkia, kisha akasimulia yote akiwa amesimama, bila kuficha lile swali alilolifuta. Diana alisikiliza, akaweka mwiko chini.

"Unajua mwezi uliopita tulimtoa nani? Kijana mzima, ana viungo vyake vyote, ameweka nusu picha kama yako. Alikuwa amekwisha mla mama mmoja akiba yake. Ndiyo maana tunadai picha nzima. Ukionyesha ulivyo, tapeli hana pa kukushikia, na sisi tunajua wewe ni wetu. Ulidhani unamficha asidharauliwe, kumbe ulimvisha nguo ya mwizi."

"Shida si ya mama mdogo, Dada. Nitoe mimi."

"Wewe hukuwamo," Diana alisema, na kwa mara ya kwanza akatabasamu kidogo. "Nitakuja Kibirizi nimwone kwa macho yangu. Na aliyetukanwa mbele ya watu, huombwa radhi mbele ya watu."

Alikuja kweli. Akaketi kwenye mkeka, akamwomba Veneranda radhi kwa sauti, wavuvi wakisikia. Kisha akamrudisha kundini, na Merina akaandika upya, Veneranda akimtajia neno kwa neno: *Mimi ni fundi wa nyavu. Mguu wangu wa kulia ulikatwa chini ya goti. Natembea kwa magongo. Natafuta mtu mwaminifu.* Picha ikawekwa nzima.

Feliksi alijibu siku hiyo hiyo, na baada ya majuma machache ya kuzungumza kwa simu akaja kwa mashua kutoka Ilagala, mchana kweupe, akiongozana na dada yake mkubwa kama ilivyotakiwa. Waliandaliwa ugali na migebuka, samaki wa ziwani. Ilikuwa furaha, mpaka Feliksi alipouliza kwa upole, "Samahani, ile picha ya kwanza aliikata nani?"

Watu wazima wakatazamana. Marsiana alifungua mdomo ili abadilishe mazungumzo. Merina, aliyekuwa ameshika jagi la kunawia mikono, aliliweka chini.

"Ni mimi. Nilimwonea haya mama mdogo. Na jibu lile lilikuwa langu."

Feliksi akamgeukia. "Mimi nilikwisha sema moyoni, huyu anatucheka. Nikakata tamaa na watu wote, si yeye tu. Ujue hilo."

Hakusema kwamba haidhuru. Merina aliinamisha kichwa. Veneranda akamvuta mkono akamketisha kando yake, upande wa mguu uliokatwa.

"Sikia, mwanangu, na usisahau," alisema. "Anayekupenda ukiwa umefichwa, hajakupenda wewe. Na anayekuficha, hata kama ni wa damu yako, hajakutunza. Ukimwonea mtu haya, nenda kwanza ukamwambie yeye mwenyewe. Huenda akakuponya hiyo haya kabla hujamharibia maisha. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, mama mdogo."

"Basi nawisha wageni, ugali unapoa."

Merina alinyanyuka akachukua jagi. Alianza na Feliksi, na safari hii alimtazama usoni.