Unakata Nini, Voa?

Jua lilikuwa limeshajificha nyuma ya kilima Voahirana alipochukua kikapu na kisu kwenda kubandua magome ya mitapia, miti wanayoishi viwavi wa hariri, ya kutia rangi sanda ya mama yake. Kesho ndugu wangeanza kuwasili. Keshokutwa marehemu angefukuliwa kutoka kwenye kaburi la muda, avishwe sanda mpya, ahamishiwe kwenye nyumba ya mawe ya ukoo alikolala baba yake na babu zake. Ngoma zilishakodiwa na nguruwe wa karamu alikuwa zizini. Sanda ndiyo ilikuwa haijaisha, na mfumaji wa sanda ni yeye, tena yule anayesifiwa mpaka vijiji vya jirani. Watu walisema Voahirana amechoka. Laiti wangejua.

Mlangoni alilipita beseni la maji na kipande cha sabuni. Karantini ya ugonjwa wa mlipuko iliondolewa miaka iliyopita, lakini mabeseni hayakuondoka milangoni. Watu bado walisalimiana kwa kuinua kidevu kutoka ng'ambo ya njia. Kanisani wazee bado waliacha nafasi katikati ya benchi, na hakuna aliyethubutu kuikalia.

Na Tiana, binti yake, hakuwa amevua barakoa.

Watoto wenzake walizitupa zao, wakazisahau. Tiana alifungwa yake akiwa ndio kwanza anajifunza kuongea, na hakukubali tena kuiachia. Alikula kwa kuinyanyua upindo, akalala nayo, akaenda nayo shule mpaka mwalimu akachoka kugombana. Kadiri alivyokua, Voahirana alirefusha kamba za masikioni. Ukimlazimisha kuivua, analia mpaka anatapika. Ilikuwa barakoa ya hariri ya viwavi wa mwitu, rangi ya udongo mkavu, na Voahirana alijua vizuri ilikotoka.

Mama yake, Neny Ravelo, aliifuma sanda yake mwenyewe kwa mikono yake, akaikunja kwenye sanduku kungoja siku yake. Kisha dunia ikafungwa. Barabara zikafungwa, soko likafungwa, mchele ukaisha ndani, na askari wakawa wanawarudisha kwa fimbo wote wanaopita bila kufunika mdomo. Kitambaa hakikupatikana popote. Voahirana akafungua sanduku. Alijiambia mama ni mzima wa afya, atafuma nyingine. Lakini Neny Ravelo alikuwa ameanza kukohoa chumba cha pili, na ukuta ulikuwa mwembamba.

"Unakata nini, Voa?"

"Kitambaa tu, Neny."

Kacha... kacha... kacha. Alikata mpaka sanda ikaisha. Barakoa za hariri zikabadilishwa na mchele, kijiji kizima kikazivaa, na nyumba yake ikala. Kabla wiki haijaisha, Neny Ravelo akakata roho. Watu wa afya walikuja na mavazi yao meupe, wakamkunja kwenye plastiki, wakamfukia pembeni mwa msitu, wakakataza mtu kusogea. Dada mkubwa wa Voahirana, Lalao, alikuwa amekwama mji mkuu. Alipopiga simu akilia, aliuliza jambo moja tu, kama mama kavishwa sanda yake. Voahirana akasema ndiyo.

Keshokutwa Lalao angeiona plastiki kwa macho yake. Hilo peke yake lilitosha kumnyima Voahirana usingizi, lakini kulikuwa na jingine baya zaidi. Tangu siku ya kufukua ilipopangwa, Tiana alikuwa ameanza kumwita Voa. Hakuna aliyewahi kumwita hivyo ila mtu mmoja. Usiku mtoto alikuwa akiketi kitandani na kusema kwa sauti nzito, iliyochoka, "Voa, nasikia baridi." Asubuhi hakumbuki kitu.

Njia ya msituni ilikuwa imekufa. Wakati ule wa kufungiwa hakuna aliyepita wala kukata kuni, na mitapia ikateremka mlimani mpaka karibu na nyua za watu. Wageni walisema ni neema, msitu umepumua. Voahirana hakuupenda msitu uliopumua. Alichuchumaa kwenye shina la kwanza, akaanza kubandua gome, macho yake yakikwepa rundo la mawe juu ya kaburi la mama yake, hatua chache mbele.

Kacha... kacha...

Akasimamisha kisu.

Kacha... kacha... kacha...

Ni viwavi, akajiambia. Viwavi wa hariri wakila majani hutoa sauti kama hiyo. Halafu akakumbuka ni kipupwe. Kipupwe hakuna viwavi.

Sauti ilikuwa inatoka chini, kwenye mawe. Harufu ikamjia, ya sabuni, ya plastiki iliyokaa juani, na chini yake harufu ya hariri inayochemshwa. Aliinua macho, na juu ya lile rundo la mawe kulikuwa na mtu amekaa.

Ni Tiana. Voahirana alikuwa amemwacha jikoni akichochea moto.

"Umefikaje huku, mwanangu?" alinong'ona.

Tiana aliinua mikono, akafungua kamba sikio moja, kisha la pili. Akavua barakoa. Mdomo wake ulikuwa mdogo, mweupe kama ngozi iliyotoka kwenye bendeji, na ulitoa pumzi ya baridi yenye harufu ya udongo. Lakini sauti iliyotoka ilikuwa ya Tiana mwenyewe, ya mtoto, na ilikuwa inatetemeka.

"Bibi amesema barakoa zake zote zimemrudia. Imebaki hii. Amesema ukimfunika nayo wewe mwenyewe, ataniachia mdomo wangu."

"Nitamfunika."

"Uape, Neny."

Kuitwa Neny, yaani mama, na mwanawe, baada ya majuma yote yale, kulimtoa machozi. Akaapa. Akaitia barakoa kifuani, akambeba mtoto, akashuka naye mbio. Nyuma yao sauti ya mkasi ilinyamaza.

Siku yenyewe ilikuwa na jua na kelele. Filimbi zililia, ngoma zikadunda, wali wa mafuta ukapita kwenye majani. Lalao alikuwa amekuja na nusu ya ukoo, na tangu asubuhi hakuuachia mkono wa mdogo wake. Tiana alikaa chini ya mwavuli wa shangazi mmoja, uso wazi, akimtazama mama yake bila kupepesa. Voahirana aligusa kifua chake mara kwa mara. Kipande kilikuwepo. Alishaamua kwamba plastiki ikifunguliwa tu, atasema yote na liwalo na liwe.

Wanaume waliondoa mawe, wakamtoa marehemu juu ya mkeka mpya, wakamlaza mapajani mwa binti zake kama desturi ilivyo. Lalao akaivuta plastiki. Ilipasuka kama ganda la yai.

Ngoma zilisita.

Neny Ravelo alikuwa amevikwa hariri kuanzia utosini hadi vidoleni, hariri ya rangi ya udongo mkavu, haina mshono, na uzi wake hauonekani ulipoanza wala ulipoishia. Wafumaji waliokuwepo walisogea, wakaangaliana. Lalao aliangua kilio cha furaha.

"Umemfunika, mdogo wangu. Wenzetu wote walizikwa kama takataka, wewe ukamfunika mama yetu. Mungu akulipe."

Watu walianza kupiga makofi. Wazee waliotoka mbali walikuja kumgusa bega, wale wale ambao miaka yote hawakumgusa mtu. Voahirana aliwatazama, na ule ukweli aliokuwa ameupanga mdomoni ukarudi tumboni.

"Hapa panya amekula," Lalao akasema.

Kwenye uso wa marehemu, palipokuwa na mdomo, palikuwa na tundu la mraba. Ukubwa wa kiganja. Kingo zake zilikuwa zimenyooka.

Mkono wa Voahirana uliingia kifuani, ukashika kile kipande. Ni kukitoa tu na kukiweka. Lakini kilikuwa na kamba za masikioni, na wanakijiji wote waliokuwa pale waliwahi kuvaa barakoa kama hiyo. Wangeelewa mara moja kile walichokuwa wamekifunga kwenye midomo yao. Lalao angeelewa. Alitazama kule kwenye mwavuli. Tiana alikuwa amesimama, akitikisa kichwa taratibu, akimwomba asivunje kiapo.

"Ni panya, Zoky, dada yangu," Voahirana alimjibu dada yake.

Mkono ukatoka mtupu. Wakamvisha sanda mpya juu ya ile, wakaifunga kwa kamba, wakaandika jina lake, wakamzungusha nyumba ya mawe kwa ngoma na nyimbo. Kisha wakamwingiza. Mlango wa jiwe ukasukumwa, udongo ukashindiliwa, na kaburi la ukoo halifunguliwi tena ila miaka ikipita na wazee wakikubaliana. Voahirana alicheza na wenzake. Alikuwa akijichukia kwa kila hatua, lakini alicheza.

Jioni ile, wageni wakiwa bado uani wanakula, alijifungia chumbani. Alifikiria kwamba akiikata ile barakoa kamba, ikabaki kipande cha hariri tu, ataweza kwenda nayo kaburini asubuhi na kuipenyeza kwenye ufa wa mlango, na hakuna atakayejua ilikuwa nini. Labda mama yake angekubali. Labda hakuwa amechelewa. Akachukua mkasi.

Kacha.

Mlango ulifunguka nyuma yake. Hatua ndogo za mtoto ziliingia, zikasimama. Hakugeuka. Pumzi ya baridi ilimpiga shingoni, na sauti nzito, iliyochoka, ikauliza bila hasira yoyote:

"Unakata nini, Voa?"

Nje watu walikuwa wanacheka. Voahirana alijaribu kuita jina la mwanawe. Alilijua, alilishika kabisa ulimini, lakini mdomo wake ulikuwa umeshazoea jibu lingine.

"Kitambaa tu, Neny."