Pini ya Basmala na Mashine Iliyopanda Ngazi

Asubuhi nyumbani kwetu huanza na unga. Nakanda, nagawa matonge, nayapandisha darini yakaumuke juani. Wakati huo binti yangu Basmala husimama mbele ya kioo cha ukumbini akijifunga kitambaa cha kichwa, aende shule. Ana miaka kumi na miwili. Mikono yote miwili inakunja kitambaa, na kwa kuwa hakuna mkono wa tatu, pini huzishika kwa meno. Hapa Misri ya Juu, kusini mwa nchi, ndivyo wasichana wote wanavyofanya, na mama zao, na bibi zao.

"Toa pini mdomoni, wewe!" nilimwambia siku moja nikishuka na sinia tupu.

"Mmh," akajibu. Mwenye pini mdomoni atajibu nini zaidi?

Rafiki yake Rodina akaita kutoka kichochoroni. "Basmala! Kwani leo ndiyo harusi yako? Njoo uone, mwalimu wa hesabu kavaa tena ile suruali ya marehemu babu yake!"

Basmala akacheka. Kabla mtu hajacheka huvuta pumzi ndani, na pini ikaenda na pumzi. Akakohoa mpaka machozi yakamtoka, kisha kikohozi kikakatika ghafla. Mimi sikujua. Nilimuuliza ana nini.

"Mate yamenipalia tu, mama." Akachukua mkoba, akaenda zake.

Kikohozi kikarudi, kikaondoka, kikarudi tena. Nilimchemshia majani ya mpera, dawa ya kila nyumba ya hapa. Jirani akasema ni kijicho, akamfukizia uvumba. Baba yake, ambaye yuko kazini Kuwait, alikuwa akimsikia kwenye simu na kuuliza, "Huyo ni nani anayekohoa? Ni Basmala huyo?" Mwisho ikaja homa. Siku aliposhindwa kupanda ngazi za dari, nilimbeba mgongoni hadi hospitali ya mji.

Wodi ya watoto iko ghorofa ya juu. Lifti ilikufa zamani, sasa ni stoo ya mifagio. Daktari Nevin, mama mfupi mwenye sauti ya chini, alimsikiliza Basmala mgongoni, akarudia, akarudia tena.

"Pafu la kulia halisemi kitu," aliniambia. Kisha akamwinamia mwanangu. "Mpenzi wangu, uliwahi kupaliwa na kitu? Njugu? Mbegu? Chochote?"

Basmala akatikisa kichwa, akageukia ukuta.

Wakamtundikia dawa, wakamvalisha barakoa ya oksijeni. Homa haikushuka. Kitanda cha kando yake kilikuwa kitupu na godoro lake limekunjwa. Sikuthubutu kuuliza kwa nini.

"Nataka picha ya eksirei," alisema daktari. "Bila picha, natibu gizani."

Chumba cha eksirei kiko chini, ng'ambo ya ua. Wahudumu wakamlaza Basmala kwenye machela na chupa ya oksijeni miguuni pake. Hawakufika nusu ya ngazi. Machela ilipoinama, midomo ya mwanangu iligeuka rangi ya bilingani.

"Mrudisheni!" daktari alipiga kelele. "Juu! Mrudisheni juu!" Alipokwisha kumtuliza alinivuta pembeni. "Simshushi tena, mama Basmala. Atatufia ngazini."

"Basi tufanye nini?"

Akarudi kwa Basmala kurekebisha barakoa. Nikaenda dirishani, maana sikutaka mwanangu aone uso wangu.

Kule chini uani watu walikuwa wamekusanyika. Wanaume wa mji wetu wanaofanya kazi nchi za Ghuba, kama baba yake Basmala, walichanga pesa ili hospitali ipate mashine ya eksirei ya magurudumu, ile inayomfuata mgonjwa kitandani. Kamati ya mchango huo ilikuwa imeletewa mbili za majaribio, ichague moja. Ya kwanza ilikuwa kubwa kama kabati la nguo, shingo yake ndefu kama ya ngamia. Ya pili ilikuwa ndogo kama kigari cha kusukumia mtoto mchanga.

Nikamwachia muuguzi mwanangu, nikashuka mbio.

Mwenyekiti wa kamati alikuwa Haji Diab, muuza mafriji. Hapa kwetu vyombo vya bi harusi hupitishwa mtaani juu ya gari, ngoma zikilia, na heshima ya baba hupimwa kwa ukubwa wa friji. Friji likikataa ngazi, huvutwa kwa kamba hadi roshani. Haji Diab amefanya biashara hiyo tangu ujana, na hata sasa alikuwa anaipigapiga ile mashine kubwa ubavuni kama friji.

"Hii ndiyo mashine!" alisema. "Ile nyingine ni nini, cherehani? Ustadhi Wagdi, umetuletea fundi nguo?"

Kamati ikacheka. Wagdi, muuzaji aliyezileta zote mbili, akatabasamu kidogo. "Haji, kubwa ina nguvu zaidi, sikatai. Hata nyonga ya mtu mnene inaipiga picha. Ndogo nguvu yake ni kidogo, lakini kwa kifua inatosha, cha mtoto ndiyo kabisa. Ina betri yake, na watu wawili wanaibeba."

"Mmesikia? Nguvu kidogo! Vijana wetu wanaungua jua jangwani, halafu wakirudi likizo tuwaonyeshe kisanduku? Watatucheka!"

"Haji," nikasema, "binti yangu yuko juu. Hawezi kushushwa. Kama hiyo kubwa ndiyo mashine, mpandishie."

Kicheko kikaisha. Haji Diab si mtu mbaya. Alinitazama, akavua koti. "Itapanda, wallahi! Friji la binti Sayed lilipanda ghorofa ya nne. Leteni kamba!"

Wakaisukuma hadi ngazini, wakaifunga, wakavuta. Uzito wake ulikuwa kama wa nyati mwenye mimba. Kigae cha ngazi ya kwanza kikapasuka. Kwenye ya tatu ikakwama, upande mmoja hewani, na Wagdi akawa anapiga kelele, "Iacheni! Ikianguka inawaua!" Haikupanda wala haikushuka.

Mara mhudumu akaja na chupa mpya ya oksijeni, maana ile ya Basmala ilikuwa inakaribia kwisha. Akasimama. Ngazi nzima ilikuwa imezibwa. Mashine iliyoletwa kumwokoa mwanangu ilikuwa imesimama kati yake na pumzi yake. Nilianza kupiga yowe kama mfiwa, sikuweza kujizuia. Wakaishusha kwa mabega, ngazi hadi ngazi, mmoja wao mkono ukivuja damu, na chupa ikapita.

Daktari Nevin alitokea juu ya ngazi. "Nileteeni hiyo cherehani yenu," alisema.

Wanaume wawili wakaibeba. Wodini ilipita kati ya vitanda bila kugusa hata kimoja. Wakaweka bamba la kupokea picha nyuma ya mgongo wa Basmala, wakatutoa nje, wakatuita tena. Kwenye kioo kidogo cha mashine niliziona mbavu za mwanangu. Upande mmoja ulikuwa mweusi, ndio wenye hewa, upande mwingine mweupe kama maziwa, na katikati ya ule weupe mstari mwembamba ulionyooka, wenye kichwa cha mviringo.

"Pini ya kitambaa," alisema daktari.

Basmala akaanza kulia ndani ya barakoa. "Niliogopa mtanipasua. Na mama alishaniambia niitoe."

Haji Diab alikuwa mlangoni, jasho likimtiririka, kofia mkononi. "Tunachukua hii," alisema polepole. Hakuna aliyepiga makofi.

Sasa daktari alijua kinachotakiwa kutolewa, akaikubali hatari ya ngazi mara moja tu, na wanaume wakamshusha Basmala polepole ameketi wima. Gari la wagonjwa lenye oksijeni na muuguzi pembeni lilitupeleka mji mkubwa, Asyut. Huko waliitoa pini kwa mrija uliopitishwa kooni, bila kumpasua. Lakini sehemu ya pafu ilikuwa imezibwa muda mrefu mno. Leo Basmala akibeba sinia la mkate kwenda darini, husimama katikati ya ngazi na kushika ukuta. Nilipompeleka kuangaliwa tena, nilimuuliza daktari Nevin kama pafu litarudi kama zamani.

"Mungu akipenda, mama," alisema, na yeye akaangalia ukuta.

Siku hiyo Haji Diab alikuwa amekuja kututazama na mfuko wa mapera. Daktari akawaambia wote wawili, Haji na Basmala. "Haji, chombo cha hospitali hakichaguliwi kwa macho ya waliosimama uani. Kinachaguliwa kwa aliyelala kitandani. Kama hakimfikii, nguvu zake ni za bure. Na wewe, mwanangu, nilikuuliza ukatikisa kichwa. Ungesema siku ile ile ilipoingia, pini ingetoka ukiwa mzima. Hukuiondoa kwa kunyamaza. Uliiacha izame."

Haji alishusha macho. Basmala akasema, "Ndiyo, daktari," kwa pumzi fupi.

Nadhani mtasema basi mji mzima umejifunza. Usiku nalala nimegeuzia sikio upande wa kitanda chake, nikisikiliza kama anapumua. Na jana asubuhi Rodina alikuja kumpitia waende shule. Alisimama mlangoni akitengeneza kitambaa chake, akiongea na kucheka, na kati ya meno yake pini mbili ziling'aa.

Wewe unayesoma, kama pini iko mdomoni sasa hivi, itoe. Iweke mezani. Kisha ucheke.