Ngumi za Mapacha na Sauti ya Babu

Asubuhi katika nyumba ile haikuanza kwa jogoo kuwika, ilianza kwa kofi. Pacha mmoja alitaka ndoo ya kuogea, mwenzake naye aliitaka hiyohiyo. Kabla jua halijapanda, mmoja alikuwa na alama za meno begani, na mwingine amebakiwa na nusu ya vifungo vya sare. Walikuwa wasichana wa miaka kumi na miwili, na majirani waliwaita Pilipili na Shubiri. Inasemekana paka wa nyumba ya pili alifungasha virago akahama, na mimi simlaumu.

Wiki hiyo bibi yao alikuwa amekuja kuwatembelea. Masikio yake yalikuwa mazito. Kwenye simu ya mama yao kulikuwa na sauti ya marehemu babu akisimulia hadithi, lakini Bibi akiisikiliza aliambulia mluzi tu.

"Huyu si mume wangu," alisema. "Huyu ni mbu. Mume wangu alikuwa na sauti ya kutoka tumboni!"

Jumapili angeondoka. Mapacha walimpenda bibi yao kuliko walivyochukiana, wakamwendea shangazi yao, fundi seremala, awasaidie kumsikilizisha Babu kabla hajaondoka. Akawatolea spika mbili kuukuu za redio iliyokufa zamani: koni za karatasi, sumaku nzito kama mawe, kila moja ikiweza kutoa sauti nene na nyembamba bila msaada.

"Kila mmoja atengeneze kasha lake, lienee kwenye rafu ya vitabu," alisema. "Ila alama za chanya na hasi zimefutika. Kabla ya kuunga nyaya, kubalianeni waya mwekundu unakaa upande upi. Mmenisikia?"

"Tumesikia, Shangazi."

Kusikia walisikia. Kukubaliana, hata kidogo. Walifanya kazi wamepeana migongo, kila mmoja kwenye kona yake ya karakana ya Shangazi. Walipokutana kwenye msasa, walipigana mateke. Gundi ilipokaribia kwisha, Shubiri alimpaka mwenzake kwenye nyusi, naye akajibiwa kwa kipande cha mbao mbavuni. Ajabu ni kwamba makasha yalitoka mazuri, viungo vimebana hata hewa haikupata pa kupenya.

Jumamosi alasiri wakayapanga rafuni pale karakana na kuyaunga kwenye amplifaya ndogo ya kukuza sauti, pamoja na simu ya mama yao. Bibi akaketi mbele, mikono mapajani. Sauti ikatoka kubwa, lakini nyembamba, haina kifua.

"Mbu yuleyule," Bibi alisema, uso umemshuka. "Leo amekuja na shemeji yake."

"Umeharibu wewe!" Pilipili alifoka.

"Mimi? Kasha lako linalia kama kopo!"

"Rudia!"

"Kopo! Kopo! Ko..."

Ngumi ikammezesha lile neno. Shubiri akatema damu, akamrukia, akamkamata nywele na kumburuta kwenye vumbi la mbao. Wakabingirika, wakaumana, wakakwaruzana. Bibi alipiga kelele wasisikie. Pilipili akajinasua, akamsukuma mwenzake kwa nguvu zote. Kichwa cha Shubiri kikagonga pembe ya meza ya kazi, ko! Damu ikamwagika usoni, ikamwingia jichoni. Hakulia. Hilo ndilo lililomtisha Pilipili.

"Pacha... pacha wangu, sema kitu!"

"Kopo," Shubiri alinong'ona.

Shangazi alimkimbiza zahanati, akashonwa. Waliporudi, Shangazi hakugomba. Alichukua betri ndogo, akaigusisha kwenye nyaya za kasha la kwanza, mwekundu kwenye chanya. Koni ikaruka mbele. Akafanya vivyo hivyo kwenye kasha la pili. Koni ikazama ndani.

"Mnaona? Hii ikisukuma hewa, hii inavuta. Sauti nene zinauana papo hapo."

"Nani amekosea?" wakauliza kwa pamoja.

"Hakuna. Upande wowote ungefaa, mradi mngekubaliana. Sasa mmoja ageuze nyaya zake."

Siku nyingine hilo pekee lingetosha kung'oa meno. Pilipili aliitazama bandeji kichwani mwa mwenzake, akachukua bisibisi. "Nageuza mimi. Nisamehe, pacha." Shubiri akamshikia kasha lisiteleze.

Babu akaanza upya. Safari hii sauti ilitoka tumboni, nzito, ikaijaza karakana yote: hapo zamani palikuwa na fisi...

"Mzee!" Bibi aliruka kitini, machozi na kicheko vikimtoka pamoja. "Kila ukisimulia, fisi huyo anaongezeka ukubwa!"

Shangazi akawashika mapacha mabega. "Spika hizi hazikukosa nguvu," alisema. "Nguvu zote ziliishia kuangushana, kama zenu. Leo ni nyuzi kichwani. Kesho itakuwa jicho, au jeneza. Mkitofautiana, semezaneni, na mkishindwa mniite. Ngumi haijawahi kutengeneza kitu."

"Na nyinyi nyamazeni," Bibi akasema bila kugeuka. "Fisi anakuja."