Maji Matupu ya Shangazi Camille

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Pétronille alifagia kiwanja chao cha mtaa wa Kataki, akaosha masufuria, kisha akawapa kuku maji. Msimu ule kazi ya kuku iliongezeka. Shangazi yake Camille, aliyekuwa akisomea shahada ya juu ya utafiti wa dawa huko Lubumbashi, alikuja Kalemie kujaribu majani fulani machungu, aone kama yanaua minyoo.

Aliwagawa kuku katika mabanda mawili. "Hawa wa kushoto wape maji ya majani," alimwambia Pétronille. "Wa kulia wape maji matupu ya ziwa. Usichanganye hata kidogo."

Kisha kila siku aliinamia hadubini yake, akichungulia kinyesi cha kuku na kutafuta mayai ya minyoo.

"Masomo yote yale," jirani yao Mama Générose alishangaa, "kumbe ni ya kutazama mavi ya kuku!"

Sasa, katika banda la kulia alikuwamo Madamu, kuku wa Pétronille mwenyewe, amekonda mpaka anayumba. Pétronille alimwonea huruma, akamtilia dawa kidogo. Kuku wengine wakamkodolea macho, naye akawapa pia. Tangu siku hiyo mabanda yote mawili yalikunywa dawa, na Pétronille akanyamaza.

Baada ya majuma kadhaa kuku wote walipona. Shangazi alifuta kioo cha hadubini, akatazama tena, akajikuna kichwa. "Ajabu! Hata wa maji matupu minyoo imekwisha!"

Papa Onésime, baba yake Pétronille, hakungoja maelezo. Alishika njia ya soko akipaza sauti: "Sitwayeni, wananchi wenzangu! Dada yangu amevumbua! Maji ya ziwa letu njo dawa ya minyoo!"

Kufikia mchana kiwanja kilijaa beseni na ndoo. Watu wanaoishi kando ya ziwa walipanga foleni ili Shangazi awagawie maji yale yale ya ziwa. Pétronille alicheka pamoja na wengine, mpaka alipomsikia Mama Générose.

"Vidonge vya dispansari nimevitupa chooni. Mutoto wangu atakunywa haya tu."

Pétronille aliacha kucheka. Alimjua mtoto yule. Tumbo lake lilikuwa limevimba kama ngoma. Pétronille alipenya katikati ya watu mpaka kwa Shangazi.

"Shangazi, si maji. Niliwapa kuku wote dawa. Nilimhurumia Madamu."

Watu wakaangua kicheko. Papa Onésime aliinama kufunga kamba za viatu, ingawa alikuwa amevaa kandambili.

Siku hiyohiyo Shangazi alimsindikiza Mama Générose dispansari kupata vidonge vingine. Papa Onésime alirudi sokoni kukanusha habari zake, safari hii kwa sauti ndogo. Shangazi aliiacha treni ya kurudi Lubumbashi iondoke bila yeye, akatafuta kuku wengine wenye minyoo, akaanza upya. Waliokunywa dawa walipona. Wa maji matupu walibaki na minyoo yao, hadi jaribio lilipokwisha nao wakatibiwa.

"Huruma yako ilikuwa njema," Shangazi alimwambia Pétronille, "lakini ulipoificha iligeuka uongo. Ukikosea, sema mapema. Mimi naweza kuanza kazi upya. Mgonjwa aliyepewa dawa ya uongo huenda asipate nafasi hiyo."